Uzito wa Mshale

Chukua upinde mmoja na mishale miwili. Wa kwanza una gramu 30 na unatoka kwa kasi ya mita 60 kwa sekunde. Wa pili una gramu 60, na kwa kuwa ni mzito unatoka polepole, mita 42 hivi. Ukipiga hesabu ya nishati, yote miwili inabeba karibu kiasi kilekile. Lakini zidisha uzito kwa kasi, upate kile kitu mwalimu wa fizikia alikiita momentamu: wa kwanza una 1.8, wa pili una 2.5. Hiyo tofauti ndogo ndiyo huamua ni mshale upi utasimama ukikutana na mfupa, na ni upi utaendelea na safari.

Halafu kuna unene. Ufito wa milimita 8 unahitaji tundu lenye eneo karibu mara 1.8 ya lile la ufito wa milimita 6. Kama ncha ya chuma ni pana kuliko ufito, inaufungulia njia. Kama ufito ndio mnene, unasuguana na nyama kila sentimita. Mshale unakata tu, hauna ule mshtuko wa risasi. Mnyama hufa kwa kuvuja damu ndani, mshale ukifika kwenye moyo au mapafu. Ukiishia njiani, msee, hujaua. Umempa mtu asiye na daktari kidonda cha kutembea nacho.

Nimeandika "mtu" na nitaliacha hivyo, kwa sababu swali langu liko hapo. Waswahili walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Je, kuna kuua vizuri? Na kama kupo, tunamdai nini anayeua, hasa akiwa anaua kwa niaba yetu?

Waliolijua jibu la fizikia kabla ya fizikia ni Wawaata, ambao majirani zao wa pwani waliwaita Waliangulu. Waliishi kati ya Tsavo, mto Galana na Bahari Hindi, wakiwinda tembo kwa upinde. Siku hizi mwindaji wa Marekani anavuta upinde wenye uzito wa kilo 27 hadi 32 na anajiona dume. Pinde za Wawaata zilipimwa zikapita kilo 45. Mishale yao ilikuwa mirefu na mizito, na nyuma ya ncha ilipakwa sumu iliyochemshwa kutoka kwa msunguti, ikafungwa kwa ngozi laini isikauke. Sumu hiyo, ouabaini, husimamisha moyo. Lakini ngozi ya tembo mahali pengine hupita sentimita 2 kwa unene, na sumu iliyobaki kwenye ngozi ni kazi bure. Kwa hiyo uzito haukuwa mbwembwe. Ulikuwa tofauti kati ya tembo anayeanguka upesi na tembo anayeoza akitembea.

Sasa sikiza bei yake. Mshale mzito hauendi mbali. Unashuka haraka, kwa hivyo ukiuchagua umechagua pia kusogea. Lazima umnyemelee tembo mpaka usikie tumbo lake likinguruma, upepo ukiwa usoni mwako, ukijua akigeuka hakuna gari la kukimbilia. Mshale mwepesi unakupa umbali, na umbali unakupa usalama, lakini aliyeachwa na hatari yote ni mnyama. Ukikosea kidogo, yeye ndiye analipa. Kwa maneno mengine, mtu anapochagua uzito wa mshale anaamua pia nani atabeba hatari.

Hapo mtu anaweza kufurahi akamaliza: kumbe kuua vizuri ni kuua kwa karibu. Ningependa iwe rahisi hivyo. Lakini Mei 2014, huko huko Tsavo, ndovu mkubwa aliyeitwa Satao aliuawa kwa mshale wa sumu, uso wake ukakatwa pembe zitoke. Upinde ni uleule. Fizikia ni ileile. Aliyempiga pia lazima alisogea. Kwa hivyo ufundi unajibu swali la "vipi" tu. Swali la "kwa nini" haliguswi na gramu wala milimita.

Na kuna swali la tatu ambalo historia yetu hailipendi: nani anaruhusiwa? Mwaka 1909 rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuja kuwinda, akafika hadi Nyeri na miteremko ya Mlima Kenya. Katika safari nzima, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, wengi wakapelekwa makumbusho ya Smithsonian. Hiyo iliitwa safari. Tsavo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948, Mwaata aliyefanya alichofanya babu yake akaitwa jangili, na kampeni ya 1956 hadi 1957 ikawafunga wengi. Mwaka 1960 serikali ilianzisha mpango wa Galana wawinde kihalali, lakini haukudumu. Uwindaji wote ukapigwa marufuku 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya chakula.

Mimi siombi marufuku iondolewe. Tembo waliobaki hawatoshi kufanyiwa majaribio ya falsafa. Ninachokataa ni kudhani kwamba kwa kuwa hatuna upinde, basi mikono yetu ni safi.

Njoo hapa Kenol, mahali barabara ya kutoka Thika inagawanyika, moja ikienda Murang'a na nyingine Sagana, Nyeri na Nanyuki. Magari yanasimama, watu wananyoosha miguu, na mbuzi wananing'inia nyuma ya kioo. Unaelekeza kidole: ule mguu, kilo moja, choma. Baada ya muda unaletewa kwa ubao na kachumbari na chumvi pembeni. Hakuna mtu anauliza kisu kilikuwa kikali kiasi gani. Yule mbuzi alikuwa na dakika yake ya mwisho mahali fulani, na ubora wa hiyo dakika ulitegemea makali ya chuma na mkono wa mtu ambaye hutawahi kumjua jina. Sisi ndio wenye mshale mwepesi kuliko wote: tunapiga kutoka umbali usio na mwisho, kwa M-Pesa.

Wakamba waliweka alama ya mwenyewe kwenye mishale. Alama ilisaidia kuamua mnyama ni wa nani, lakini ilikuwa na makali ya pili: aliyejeruhiwa akipatikana amekufa mbali, kila mtu alijua ni mshale wa nani. Mshale ulikuwa na mwenyewe hata ulipokosea.

Utaniambia ukaribu haufanyi mtu kuwa mwema, kwamba anayechinja kila siku anaweza kuzoea mpaka asihisi kitu. Ni kweli. Ukaribu hautakasi. Unachofanya ni kukunyima ile sentensi tamu ya "sikujua". Satao hakufa kwa sababu muuaji wake hakujua. Alikufa kwa sababu mtu aliye mbali sana alitaka pembe na hakutaka kuona uso.

Kwa hivyo nikiulizwa kama kuna kuua vizuri, jibu langu ni dogo: kuna kuua vibaya zaidi, na mara nyingi kunaanza pale aliyeagiza na aliyekufa wasipoonana kabisa. Sisemi uache nyama. Mimi sijaacha. Lakini uliza. Uliza mwenye bucha mbuzi walitoka wapi, walisafirishwa vipi, nani aliwachinja. Atakuangalia kama umechanganyikiwa. Uliza tu, hata foleni ikinung'unika, kwa sababu hilo swali ndilo uzito pekee ambao mteja anaweza kuongeza kwenye mshale wake.