Ya tatu mpe jembe, na ya nne?

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Siku hizi methali hii tunaitumia kumsimanga mtu. Shemeji kafika Jumatano, Jumapili bado yuko kwenye kochi na rimoti mkononi, basi mtu anaanza kutupa mafumbo ya jembe. Nyerere naye aliitumia mwaka 1962, alipoandika juu ya Ujamaa, kuonyesha kwamba zamani kila mtu alifanya kazi. Mimi, kadiri ninavyozunguka Geita na Kahama kutafuta habari, naisoma vingine. Chakula cha siku mbili ni ukarimu wa bei nafuu. Kumpa mtu jembe maana yake una shamba la kumwonyesha, yaani umemwambia kaa.

Ukanda huu wa dhahabu umejaa watu waliopewa jembe. Warundi, Wanyarwanda, Wakongo. Wengine walikimbia vita, wengine walifuata rashi tu kama Msukuma yeyote. Kwenye maduara hakuna anayekuuliza pasi. Wanataka kujua kama unaweza kushuka, na kama ukiwa juu utaivuta kamba ya mwenzako aliye chini.

Mama mmoja anayeuza chakula jirani na krasha alifika kutoka Burundi miaka ya tisini, mtoto mgongoni. Mwanamke asiyemjua alimpa kona ya nyumba na sufuria. "Hakuniuliza kabila, mdogo wangu. Aliniuliza kama naweza kusonga ugali wa watu ishirini."

Sasa njoo 2013. Mwishoni mwa Julai Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na sababu zake, ujambazi wa silaha ukiwamo, na sababu hiyo haikuwa ya kubuni. Lakini waliokumbwa ni maelfu, wakiwamo waliozaliwa huku na waliooa au kuolewa huku.

Walipofika kwa mama huyu, mwenyeji wake aliulizwa: huyu ni nani? Akajibu, "Mdogo wangu." Wakapita. Nyumba za mbele kidogo, mzee mmoja aliulizwa hivyo hivyo kuhusu mwanamume aliyekuwa amempa eneo la kulima. Akasema ukweli: si Mtanzania. Yule bwana akapakiwa kwenye gari. Shamba, kwa maelezo ya mama, likarudi kwa mzee.

Kwa hiyo mmoja alidanganya na mwingine alisema kweli, na mimi namheshimu aliyedanganya. Najua ni jambo la ajabu kutamka kwa mtu anayekula kwa kuandika ukweli. Nchi ina haki ya kujua nani yumo ndani yake, hilo silibishi. Ila ukweli wa yule mzee haukuwa mpya. Alikuwa amekula nao miaka zaidi ya kumi, akapokea nao vibarua na zamu za kulinda ng'ombe, na jirani yake akachangishwa madawati kama wengine. Ukautoa siku ile tu, siku yenye faida?

Mtu atasema mtoaji hadaiwi. Ukimpa ombaomba mia tano leo, kesho hana madai kwako. Sawa, kwa mia tano. Lakini uliyempa jembe aliacha kutafuta kwingine kwa sababu wewe ulisema kaa. Alipanda miembe. Wema wa namna hiyo unamfunga aliyeutoa kuliko aliyeupokea, na nadhani ndiyo maana wengi wetu tunaishia kwenye chakula cha siku mbili.

(Wapo wageni ambao siku zao hazihesabiwi, lakini. Williamson, Mkanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na mgodi hadi leo unaitwa kwa jina lake.)

Nilimuuliza yule mama kama amewahi kumshukuru dada yake kwa siku ile. Alicheka, akaendelea kukoroga maharage.

"Nimshukuru? Jana tu tumegombana, kamaliza kuni zangu."