Haki ya Mtu Aliyeajiriwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewafadhilisha baadhi ya waja wake juu ya wengine katika riziki, ili awatahini wote, mwenye kutoa kazi na mwenye kuifanya. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyewachungia watu wa Makka kondoo zao kwa ujira, wala hakuona haya kuwaeleza Masahaba zake jambo hilo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wafanyi biashara wa Tanga na Dar es Salaam wanaijua Lukozi, huko juu ya Lushoto, kupita msitu wa Magamba. Ni mji wa baridi na ukungu, na soko lake ni la viazi, kabichi na karoti. Gari za mizigo hupanda tupu na kushuka zimejaa. Basi kila gunia linaloshuka pwani limepita kwanza juu ya mgongo wa mtu. Huyo ndiye tunayetaka kumzungumza hapa, yeye na wenziwe wanaolima, wanaopalilia na wanaolinda ghala za watu kwa mshahara.

Masuali tunayokusudia kuyajibu ni mawili. La kwanza, mtu husema: "Mimi nimepatana na mchukuzi kwa kinywa chake, akaridhika, nikamlipa. Je, nimebakiwa na deni kwake?" La pili, husema: "Mambo haya ya likizo na notisi na saa za kazi yametoka serikalini, na katika vitabu vya fikihi siyaoni. Je, yananilazimu mbele ya Mungu?"

Kabla ya kujibu, yafaa tukumbuke yaliyopita katika milima hiyo. Zama za Wadachi, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, mwaka 1907 watu wa Usambara walipewa kadi, na kila mwanamume akalazimishwa kufanya kazi ya Mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Walipokuja Waingereza, sheria yao ya mwaka 1923 ya mabwana na watumishi ilimfanya mwenye kuiacha kazi kabla ya muda wake kuwa mkosa wa serikali, astahiliye adhabu kama mwizi. Wachukuzi wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, na wenzao wa Dar es Salaam wakagoma mwaka huo huo na tena mwaka 1947, kwa kutaka ujira na hali zilizo bora. Kwa hivyo haki zilizoandikwa leo hazikuanguka kutoka mbinguni kama mvua. Watu walizitaabikia, na wengi wao walikuwa baba zetu na babu zetu Waislamu wa pwani.

Sasa tulijibu suali la kwanza. Wanavyuoni wa madhhabi yetu ya Shafi wameweka sharti katika ijara kwamba ujira ujulikane, na kazi ijulikane, isiwe jambo la kubahatisha. Tena Mtume wetu (s.a.w.) ameamrisha mwenye kuajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na imepokewa kwake kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemtumia mwenziwe akaikamilisha kazi kwake, kisha asimlipe.

Tazama basi jambo la lumbesa. Mchukuzi amepatana kupakia gunia kwa bei maalum. Sheria ya Vipimo imeweka mpaka wa kilo 100 kwa mzigo wa mazao, lakini gunia lililoletwa limeshonewa kilemba juu yake, na uzito wake umeupita mpaka huo mbali. Watu wote hulaani lumbesa kwa kuwa mkulima hudhulumiwa kipimo, na kweli hudhulumiwa. Lakini aghlabu hatusemi kwamba mchukuzi naye amedhulumiwa kwa gunia lile lile. Yeye alipatana kuchukua gunia, akabebeshwa gunia na nusu, na ujira ni wa gunia moja. Kazi aliyoifanya siyo kazi iliyotajwa. Basi Mwenyezi Mungu aliyewaonya wapunjao katika vipimo, twadhani ataacha kuuliza juu ya mgongo wa mtu, akauliza juu ya viazi tu?

Na ukisema, "Lakini aliridhika," jibu letu ni kwamba ridhaa ina daraja zake. Mtu aliyeamka hana unga nyumbani hukubali bei yoyote, na ukimtajia nusu yake atakubali vile vile. Hatusemi kwamba mapatano hayo ni batili, kwani aghlabu ya watu huajiriwa kwa haja. Twasema kwamba haja ya mwenzio si mali yako ya kuifanyia biashara. Mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa (a.s.), Musa alikuwa mkimbizi asiye na nyumba wala jamaa, na angeweza kukalifishwa lo lote. Lakini mzee yule alimtajia muda wa miaka minane, akaiacha miwili ya kutimiza kumi kuwa hiari yake, na akamwambia kwamba hataki kumtaabisha. Huo ndio mfano tuliowekewa wa kumwajiri mtu mwenye shida.

Ama suali la pili, jibu lake ni hili. Waislamu wameamrishwa kutimiza ahadi na masharti yao, na mafakihi wamekubali kwamba jambo lililojulikana kwa ada huwa kama lililoshurutishwa kwa ulimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ni jambo lililotangazwa na kujulikana. Kila mwenye kumwajiri mtu Tanganyika huingia katika mkataba akijua kwamba masharti hayo yamo. Basi akiyakana baadaye, amevunja sharti lake mwenyewe. Na lau yangekuwa ni maasi, tusingemtii mtu katika kumuasi Mungu. Lakini ni maasi gani yaliyomo katika kumpumzisha mtu?

Yatazame yenyewe. Saa za kazi za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Mtu apate likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Mwanamke aliyezaa apate siku 84. Anayelipwa kwa mwezi asiachishwe kazi bila ya notisi ya siku 28. Mtoto aliye chini ya miaka 14 asiajiriwe. Mtu asibaguliwe kwa dini yake wala kabila lake. Na katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, mwajiri huchangia mfuko wa fidia peke yake, asimkate mfanyi kazi, ili aumiaye kazini asirudi nyumbani na kilema na mikono mitupu. Katika haya yote hapana moja ambalo mcha Mungu angeliona zito, isipokuwa mwenye kuipenda mali kuliko haki.

Na katika kuandika, sheria inataka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na ikitokea daawa naye hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye mwajiri. Tusistaajabu, kwani aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani ni ile inayotuamrisha kuandika deni. Na jina lenyewe la kibarua limetokana na kijibarua alichokuwa akipewa mtu wa kazi ya siku. Leo jina limebaki, na karatasi imepotea.

Lakini tuseme kweli. Mchukuzi anayepakia gari hii asubuhi na nyingine jioni, huenda asihesabiwe kuwa mwajiriwa wa mtu hata mmoja. Sheria humdhania mtu kuwa mwajiriwa kwa alama, kama vile kumfanyia mtu mmoja kazi kwa wastani wa saa 45 kila mwezi katika miezi 3. Wa siku moja huponyoka katika wavu huo. Hapo ndipo imani ya mfanyi biashara inapojulikana, kwani sharia ya Mungu haikuweka miezi mitatu, bali inamhifadhi hata aliyeajiriwa kwa saa moja. Akivunjika mguu chini ya gunia lako lililopita kipimo, usiseme "simjui," ukaondoka na gari.

Na wewe uliyeajiriwa, usidhani kwamba maneno haya ni ya upande mmoja. Binti wa Madyan alimsifu Musa kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Saa uliyoiuza si yako tena, na mwenye kulala ndani yake amekula asichokichuma. Lakini ukidhulumiwa, usikae kuapiza tu. Iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiachishwa kazi, peleka shauri lako ndani ya siku 30, na kwa magomvi mengineyo ndani ya siku 60. Usingoje, kwani wengi wenye haki wameipoteza kwa kuchelewa. Kudai haki kwa njia njema si utovu wa adabu wala si upungufu wa subira, kwani humzuia nduguyo na dhulma, na huko ni kumsaidia.

Ewe ndugu mfanyi biashara, safari hii utakapopanda Lukozi, kabla ya gari kushuka litazame gunia na umtazame aliyelichukua, kisha uulize nafsi yako kama umelipa kwa hilo ulionalo au kwa hilo mlilopatana.

Ewe Mola wetu, tutakase mali zetu na jasho la watu tusilolilipa, na utupe uadilifu tukiwa waajiri na uaminifu tukiwa waajiriwa. Amin.