Juu ya Kuuliza, Mtu Aanzapo Kazi

Kila mwaka vijana hushuka Kilwa Masoko kuanza kazi, wengine kwa ualimu, wengine kwa uuguzi, wengine kwa ukarani katika ofisi za wilaya. Kila mmoja anayo barua yake ya kuajiriwa, na cheti chake kimekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Tena karibu kila mmoja anayo hofu asiyoitamka: akiuliza, watu watasema, "Huyu alisoma nini?" Basi huitika kwa kichwa, na kazi huendelea.

Watu hulihesabu neno hili kuwa ni la haya tu. Sisi twaona kwamba ni neno la kweli na uongo. Mtu aelekezwapo kazi naye hakuelewa, kisha akajibu "Naam", amesema jambo lisilo kweli, na mkubwa wake atalitegemea. Muuguzi mgeni asiyekijua kiasi cha dawa, akaona haya kuuliza, haya yake italipwa na mgonjwa. Ujinga wa mwanzo ni wetu sote, wala hauna hatia. Bali kuuficha ni kumtwika mtu mwingine mzigo asiojua kama anauchukua.

Tutazame ng'ambo ya Masoko. Kuta za kale za Kilwa Kisiwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi aliyezoea saruji, akiitwa kutengeneza ukuta wa namna hiyo, huona kazi ni nyepesi: saruji ni ngumu kuliko chokaa, basi bila shaka ni bora. Lakini saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji na chumvi hufungiwa ndani, na jiwe la zamani, lililo laini kuliko saruji, ndilo liliwalo. Hivyo mtu mwenye bidii na nia njema aweza kuuharibu ukuta aliotumwa kuuponya, kwa sababu hakuuliza kwanza, "Wale waliojenga walitumia nini?" Mwaka 2004 UNESCO iliyatia magofu ya Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi ya kuyahifadhi, ambayo ndani yake mafundi wa mahali penyewe walifundishwa tena kazi ya chokaa. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya pwani hii hii! Kuta zilibaki, ila vinywa vya kueleza vilikuwa vimepungua.

Wako watakaosema kwamba kijana wa kwetu amelelewa kuwastahi wakubwa, na maswali mengi ni utovu wa adabu. Neno hili lina uzito, nasi hatulidharau. Lakini lugha yetu yenyewe imekwisha kutenganisha: kuuliza ni kumoja, kuhoji ni kwingine, na kupeleleza ni kwingine tena. Ahojiye amesimama kama hakimu. Aulizaye ameketi chini. Fundi wa majahazi hakasiriki mwanagenzi akitaka kujua kwa nini ubao huu umekatwa hivi. Hukasirika akiulizwa mbele ya mwenye chombo, au tezo ikiwa mkononi, au akiulizwa jambo ambalo mwanagenzi angaliliona kwa macho yake kama angalitazama. Heshima basi hailikatazi swali, hulipa saa yake na mahali pake.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuwa na umri wa miaka 27 tu, naye ni msomi wa sheria. Katika habari za safari yake ameutaja mji wa Sofala, akasema kwamba mfanyabiashara mmoja alimwambia kuwa ni mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa. Twapendezwa na neno hilo, "aliniambia". Msomi hakuona haya kupokea elimu kwa mchuuzi, wala hakujifanya kuwa amekwenda Sofala.

Tena jambo hili lina msimu wake. Mwezi wa kwanza, swali lolote ni la mgeni, na watu hulisamehe. Baada ya miaka mitatu swali lile lile huwa fedheha, na mtu huenda nalo kimya mpaka kustaafu, akizunguka kila siku pale asipopajua, na kuwafundisha wengine mzunguko huo.

Lakini tusiwalemee vijana peke yao. Mkubwa amchekaye mwenye kuuliza hupata ofisi nzima ya watu waitikao kwa kichwa, kisha hushangaa kazi ikiharibika. Hata mpole hukosea, kwa kuwa akimaliza kueleza husema, "Umeelewa?" Nani katika pwani hii atamjibu mkubwa wake, "La"? Swali hilo lina jibu moja tu la adabu. Afadhali aseme, "Haya, mwanangu, nieleze wewe utakavyofanya," kisha aketi na kusikiliza mpaka mwisho.