Wageni Tusiowahesabu

Kuna swali lililonijia, si kutoka kitabuni, bali kutoka katika tangi la kioo lililoko sebuleni kwangu: je, tuna wajibu gani kwa kiumbe ambaye hatukumwita, lakini riziki yake imo mikononi mwetu?

Tangi hilo aliniachia mpwa wangu mwaka 2022, alipohamia Muscat. Ndani yake mlikuwa na samaki wawili wa rangi, walionunuliwa dukani Dar es Salaam, nao asili yao ni bahari ya mbali. Mimi nikaongeza ndoo za maji ya bahari na kipande cha jiwe la matumbawe nilichokiokota maji yalipokupwa. Miezi michache baadaye nikaona jiweni vitu vyeusi, vidogo kuliko punje za kunde. Nikadhani ni uchafu. Nikachukua kisu, nikaanza kukwangua. Mara kimoja kikajifumba. Mkono ukasita, kwani uchafu haujifumbi. Walikuwa kome, wale wenye makombe mawili.

Kome huanza maisha yake akiwa kiumbe kinachoelea, kidogo mno kuonekana kwa macho. Baada ya wiki kadhaa hutafuta mahali pa kutua, akatoa nyuzi kwenye mguu wake, akajifunga mwambani. Yamkini hawa niliwachota pamoja na maji, au waliletwa na lile jiwe. Nami nikawaita wageni wasioalikwa! Lakini je, ni nani aliyeingia kwa mwenzake? Wao hawakubisha hodi kwangu. Ni mimi niliyewachukua kwao bila kujua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walishika jembe siku ya kwanza, maana kome hula kwa kuchuja maji, na aliyekomaa huweza kuchuja zaidi ya lita moja kwa saa. Nikafurahi, nikawasifu mbele ya jamaa. Naam, furaha yangu ilikuwa ile ya mwenye nyumba ampendaye mgeni kwa ajili ya kazi yake, asiulize kama amekula.

Kisha nikaanza kuokota makombe matupu. Kila asubuhi niliwapa samaki chakula chao, na kila wiki nilisafisha chujio, maji yakang'aa kama hewa. Sikujua kwamba kome huishi kwa vijimea vidogo vinavyoelea majini, vilevile nilivyokuwa nikiviondoa kwa bidii. Usafi niliojivunia ndio uliokuwa njaa yao. Samaki akiona njaa huja kiooni akatukodolea macho. Kome hufumba tu. Mimi niliyehesabu mizani za mashairi kwa miaka thelathini, sikuwa nimewahesabu walio hai sebuleni mwangu.

Msomaji atasema: kome ni kome, mama zetu huwaokota siku za bamvua, wakawapika kwa nazi. Ni kweli, wala siwalaumu. Anayemchukua kome ili alishe wanawe anajua alichokichukua na kwa nini. Mimi nilikuwa na pambo tu. Kosa langu halikuwa kuua, bali kujenga ukuta, kuamua nani ni mwenyeji na nani ni uchafu, kisha kusahau kwamba waliomo ndani ya ukuta hawana pengine pa kwenda. Wajibu, nionavyo, hauzaliwi na mwaliko. Huzaliwa pale tunapomfungia mtu njia nyingine zote.

Basi kwa nini nisiwarudishe baharini? Nililipenda wazo hilo, kwani lingenipumzisha. Lakini wameishi maji mamoja na samaki wa mbali, na sijui wamebeba nini. Kome wa mistari, ambaye kwao ni maji ya upande wa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, aligunduliwa katika Ziwa St. Clair, Amerika ya Kaskazini, mwaka 1988. Aliletwa na maji yaliyobebwa na meli, akaenea na kuziba mabomba. Na mwaka 2021 alikutwa katika maduka ya Marekani, amejificha ndani ya mafundo ya mimea ya matangi. Huruma inayomwaga ndoo bila kufikiri huweza kuwa dhuluma kwa bahari nzima.

Kwa hiyo wamebaki. Kila wiki huenda ufukweni nikateka maji mabichi, nisiyachuje, nikayatia tangini, kisha nikazima pampu kwa muda ili wale kwa utulivu. Maji hayang'ai tena kama zamani, na wageni wangu wa kibinadamu huniuliza mbona nimezembea. Nimewahesabu kome: wako kumi na mmoja.

Nami najua kwamba katika kila ndoo ninayoileta ili kuwalisha hawa, huenda wamo wengine ambao bado siwaoni.