Theluji ya Rwenzori na Moto wa Vilima Vyetu

Katika Masifu ya Asubuhi ya siku ya Bwana Kanisa huimba utenzi wa vijana watatu wa kitabu cha Danieli. Wamo ndani ya tanuri la moto, nao waviita viumbe vyote vimhimidi Mungu, hata barafu na theluji. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tumelitamka neno hilo miaka mingi pasipo kuiona theluji yenyewe. Basi kiangazi kilichopita tulikwenda kuitazama.

Tulivuka mto Kagera pale Murongo, tukapita Mbarara hata Kasese, tukaanza kupanda milima ya Rwenzori pamoja na wapagazi wa Kikonzo. Siku ya tatu, baada ya matope ya kufika magotini, tulilifikia Ziwa Bujuku. Maji yake yametulia, na juu yake vimesimama vilele vya Stanley, Baker na Speke. (Speke huyo ndiye aliyekaribishwa na Mfalme Rumanyika kwetu Karagwe mwaka 1861, mlima uliopewa jina lake hakuupanda kamwe.) Mzee mmoja wa kundi letu alivua kofia katika baridi ile, asiivae tena mpaka tulipomaliza Rozari.

Kisha kiongozi wetu wa njia akatuonyesha mwamba mtupu, mweusi, akasema babu yake aliuona umefunikwa na barafu. Alisema kweli. Mwaka 1906, Luigi Amedeo wa jamaa ya kifalme ya Italia alipokifikia kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, barafu ya milima hiyo ilienea zaidi ya kilometa 6 za mraba. Mwaka 2003 haikutimia hata kilometa 1, na tangu hapo imezidi kupungua.

Hatusemi kwamba mito itakauka kwa sababu hiyo. Wataalamu waonyesha kwamba mito ya Rwenzori hupata maji yake karibu yote kwa mvua. Hasara ni ya namna nyingine: katika ule wimbo wa viumbe, sauti moja yafifia, nayo haikuumbwa na sisi hata tuseme tutaumba nyingine.

Tena tusiwatwike wenyeji mzigo usio wao. Wakonzo, ambao wazee wao waliiheshimu theluji kuwa makao ya Kitasamba, hawakuiyeyusha. Joto hili limetoka zaidi katika moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri, na Baba Mtakatifu Fransisko aliandika waziwazi mwaka 2015, katika waraka wake Laudato Si', kwamba maskini ndio wanaoumia kwanza.

Ingekuwa vyema kuishia hapo, tukawalaumu walio mbali. Lakini tuliporudi na kuvuka Kagera, tulivikuta vilima vyetu vyeusi. Moto ulikuwa umeshuka mpaka ukingo wa chemchemi, na akina mama walikuwa wakichota maji yenye majivu. Hapakuwa na kiwanda mahali pale. Mmoja alitaka majani mabichi ya ng'ombe wake, mwingine alifukuza wanyama awinde, na mwingine, twaogopa kusema, aliwasha kwa mazoea tu. Katika maungamo twataja hasira, uongo na wizi. Ni nani kati yetu aliyepata kuungama kiberiti?

Maji ya chemchemi zile hushuka mpaka Kagera, na Kagera huingia Ziwa Viktoria, kisha Nili huyachukua hata Ziwa Albert. Huko huko mto Semliki huleta maji ya Rwenzori. Yaani kile tulichokwenda kukistaajabia mbali, na kile tulichokichafua nyumbani, hukutana katika ziwa moja.

Sasa mvua za masika zinakwisha. Majani ya vilimani yameanza kugeuka rangi, na wachungaji wameanza kuyatazama.