Ushahidi ni Amana, na Kusahau ni Tabia ya Mtu

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tunapokopeshana kwa muda maalumu tuandike, kisha tushuhudishe. Na akaeleza kuwa shahidi mmoja akikosea, mwenziwe amkumbushe. Basi kusahau si uongo. Watu wawili wema huweza kuona jambo moja wakalihadithia mbali mbali, na wote wakawa wakweli wa nia.

Wanazuoni wa hadithi walilijua hili zamani. Hawakutosheka na uadilifu wa mpokezi. Walitaka na dhabti, yaani uhodari wa kuhifadhi. Mchamungu aliyechanganyikiwa kwa uzee hawakumwita mwongo, wala hawakuyatupa yake yote. Walipambanua: yaliyopokewa kwake kabla yalikubaliwa, na ya baadaye yakaachwa.

Tutazame sasa yaliyowafika wenzetu wa Meru na Embu. Serikali ya Kiingereza ilipotangaza Hali ya Hatari katika Kenya, Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitiwa pamoja chini ya amri kali. Maelfu waliwekwa vizuizini bila ya hukumu. Kambi za Mwea zilikuwa katika wilaya ya Embu. Nasi wa pwani twaijua Manyani, na twakijua kisiwa cha Manda, mbele ya Lamu.

Mwaka 2009 wazee walishitaki London kwa mateso waliyoyapata. Serikali ya Uingereza ikajitetea kuwa miaka imepita, mashahidi wamekufa, na kumbukumbu zimechakaa. Lakini mwaka 2011 ilikiri kuwa inazo faili za makoloni, zimewekwa Hanslope Park. Oktoba 2012 Jaji McCombe akaamua kuwa kesi yaweza kusikizwa kwa haki, kwani maandishi ni mengi. Juni 2013 serikali ile ikakiri mateso, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama, kwa watu 5,228.

Kisha watu zaidi ya 40,000 wakaleta kesi nyingine. Mwaka 2018 Jaji Stewart aliikataa kwa sababu ya muda uliopita, akieleza udhaifu wa kumbukumbu. Na udhaifu huo ni kweli. Kumbukumbu si sanduku lihifadhilo kitu kama kilivyowekwa. Kila likifunguliwa kilichomo hubadilika, na maneno ya watu huingia ndani, hata mtu akadhani ameyaona yale aliyoyasikia tu.

Lakini yatupasa tuulize: ni nani aliyeuchelewesha ushahidi? Karatasi nyingi zilichomwa moto kabla ya uhuru, nyingine zikafichwa. Na Mau Mau ilibaki imepigwa marufuku katika Kenya mpaka mwaka 2003. Mwenye kulificha daftari hafai kumlaumu mwenziwe kwa kusahau hesabu. Udhaifu wa kumbukumbu ni hoja ya kuchunguza zaidi, si hoja ya kuiangusha haki ya mtu; na hukumu ikifungwa duniani, iko Mahakama isiyohitaji shahidi wala faili.

Nasi tusidhani haya ni ya watu wa bara peke yao. Ni mashamba mangapi ya wakfu yamepotea pwani kwa kutegemea kauli ya mzee mmoja aliyekwisha kufa? Ni mirathi mingapi imevunja udugu kwa sababu kila mtoto analo lake alilolisikia kwa baba? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tuandike madeni yetu, wakfu zetu na wasia zetu tungali hai. Wazee waulizwe mapema, kila mmoja peke yake, kabla hawajasimuliana. Anayeshuhudia asiseme "niliona" ilhali alisikia. Na asilolikumbuka aseme silikumbuki, wala hiyo si aibu. Na anayejua asinyamaze, kwani kuficha ushahidi ni dhambi ya moyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa haki, ijapokuwa juu ya nafsi zetu. Amin.