Bagamoyo, Kabla Likizo Haijaisha

Kama una watoto nyumbani, wapeleke Bagamoyo kabla likizo haijaisha. Ni kilomita zipatazo 70 tu kutoka Dar es Salaam.

Anzeni na misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Nyumba ya masista, iliyojengwa 1876, siku hizi ni makumbusho. Ndani kuna minyororo waliyofungwa watumwa. Msipite hapo haraka. Watoto na waitazame minyororo mmoja mmoja, wafikirie chuma kile kikikaa kwenye shingo ya mtu tangu bara hadi pwani.

Kisha wasimulie habari za Chuma na Susi, watumishi wa mpelelezi Livingstone. Livingstone alifariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wao na wenzao wakaubeba mwili wake, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mnara wa kanisa la zamani unaitwa kwa jina la Livingstone. Kwangu mimi, waliombeba nao wanastahili kutajwa kwa sauti ileile.

Mkibahatika kukuta tamasha la sanaa na utamaduni pale TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, msirudi mapema. Kaeni usiku msikilize ngoma na marimba. Ulizieni tarehe mapema, na chumba pia.